Ukitoa pawa kwenye gari, jiulize nyumbani nani mwingine anashika usukani

Gari lenye usukani wa pawa linapoanza kuvuja oili, mwenye gari hubaki na njia tatu. Atengeneze kinachovuja, anunue kifaa kingine kilichotumika, au aiondoe pawa yote na kulirudisha gari kwenye usukani wa nguvu za mkono.

Njia ya tatu ina wapenzi wake, hasa miongoni mwa vijana wenye magari ya spoti. Wapo wanaoichagua kwa sababu wanataka kuisikia barabara mikononi. Wapo pia wanaoichagua kwa sababu pampu imekufa, mfuko umekauka na gari linatakiwa kesho asubuhi.

Kwa familia za Korogwe na Handeni, uamuzi huo hauishii gereji. Gari la spoti kwenye nyumba za kawaida mara nyingi si la pili wala la tatu, bali ndilo gari pekee. Jumamosi ni la kijana na rafiki zake, Jumatatu linapeleka watoto shule, na mama mjamzito akiugua usiku ndilo linalomkimbiza Hospitali ya Magunga.

Kwa sababu hiyo, kuondoa pawa si suala la ufundi peke yake. Ni suala la mabega, viganja, mgongo na usalama wa kila mtu anayeendesha gari hilo, pamoja na wanaokaa viti vya nyuma.

PAWA INAFANYA KAZI GANI?

Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, pawa ni ya oili. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, na pampu inasukuma oili yenye presha kwenda kwenye raki, yaani chuma kirefu kilicholala kati ya magurudumu ya mbele.

Dereva akigeuza usukani, vali ndogo inafunguka na kupeleka oili upande unaotakiwa. Oili ndiyo inayobeba kazi nzito. Mkono wa dereva unaelekeza tu.

Aina ya pili ni pawa ya umeme. Hii haina pampu, haina oili wala mipira ya kupitishia oili. Ina mota inayosaidia kuzungusha usukani, na inaongozwa na kompyuta ya gari. Magari mengi madogo ya familia ya miaka ya karibuni yana aina hii.

Tofauti hiyo ni ya muhimu. Fundi anayejua kuondoa pawa ya oili hajapata ruhusa ya kuchomoa fyuzi ya pawa ya umeme na kusema kazi imekwisha. Kwenye pawa ya umeme mota inabaki imeshikamana na usukani, hivyo dereva anauzungusha usukani pamoja na mota isiyofanya kazi, huku taa ya tahadhari ikiwaka kwenye dashibodi kila siku.

Pawa si kitu cha zamani sana. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, alitengeneza mfumo wa oili uliofanya kazi katika miaka ya 1920, lakini gari dogo la kwanza kuuzwa madukani likiwa na pawa lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951. Kabla ya hapo, madereva wa magari madogo waligeuza magari yao kwa nguvu za mikono.

MAGARI YALIYOZALIWA BILA PAWA

Wanaotetea usukani wa mkono hupenda kutaja mashindano ya zamani, na wana hoja. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo PV544. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Magari hayo yalitoka kiwandani yakiwa na usukani wa mkono.

Hata magari ya spoti ya gharama kubwa yaliyofuata yapo yaliyotengenezwa bila pawa. Ferrari F40 ya mwaka 1987 haikuwa nayo. Honda NSX ya mwaka 1990 yenye gia za mkono haikuwa nayo. Lotus Elise ya mwaka 1996 haikuwa nayo pia.

Hata hivyo, ukiyaangalia kwa makini utaona yana mambo yanayofanana. Elise ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi tu. F40, NSX na Elise zote injini yake imekaa nyuma ya dereva, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayabebi mzigo mkubwa. Datsun 240Z nayo ilikuwa gari jepesi lenye matairi membamba.

Sasa linganisha na Toyota Altezza, gari linalopendwa na vijana wengi nchini, ambalo lilianza kutengenezwa mwaka 1998. Lina uzito unaozidi kilo 1,300. Injini yake ipo mbele. Wengi huliwekea rimu kubwa na matairi mapana kuliko yale liliyokuja nayo. Na la msingi zaidi, raki yake ilitengenezwa kwa kutegemea msaada wa oili.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Raki ya usukani wa mkono hutengenezwa ili dereva azungushe mizunguko mingi zaidi lakini kwa nguvu kidogo. Raki ya pawa huzungushwa mara chache, kwa kuwa kuna oili inayosaidia. Ni kama baiskeli yenye gia: gia nyepesi hukanyagwa mara nyingi, gia nzito hukanyagwa mara chache lakini kwa nguvu.

Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, iliuzwa kwa aina zote mbili, yenye pawa na isiyo na pawa. Raki zake zilitofautiana kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye MX-5 ya pawa anaweza kutafuta raki ya mkono ya gari lile lile akaifunga. Mwenye gari ambalo kiwanda hakikulitengenezea raki ya mkono hana bahati hiyo. Atabaki na raki ya pawa isiyo na pawa, yaani gia nzito bila msaidizi.

KUKATA MKANDA SI KUBADILISHA

Njia ya haraka inayotumika ni kutoa mkanda wa pampu na kuliachia gari liende. Usukani utageuka, ndiyo, lakini gari hilo halijabadilishwa. Limeharibika kwa makusudi.

Mkanda ukitolewa, oili inabaki ndani ya raki. Kila dereva anapogeuza usukani, anaisukuma oili hiyo kwa mikono yake kupitia vali nyembamba na pampu isiyozunguka. Ndiyo maana gari lililokatwa mkanda linakuwa zito kuliko gari lililotengenezwa bila pawa tangu mwanzo.

Kuna hatari nyingine. Kwenye magari mengi mkanda mmoja unazungusha vitu vingi: pampu ya pawa, altaneta, na kwa baadhi ya injini hata pampu ya maji. Ukiutoa bila kuweka mkanda mfupi unaofaa, betri haitachajiwa na injini inaweza kuchemsha kabla hujafika Sindeni.

Baadhi ya mafundi huziba kwa boliti matundu ya raki mahali ilipokuwa mipira ya oili. Kama ndani bado kuna oili, oili hiyo haina pa kwenda, na usukani unaweza kuwa mgumu kupita kiasi au kukwama. Wengine huyaacha matundu wazi. Hapo vumbi la Handeni linaingia, maji ya mvua yanaingia, na chuma cha ndani kinaanza kushika kutu.

Kuna wanaounganisha mrija mmoja kutoka tundu moja la raki hadi jingine ili kilichobaki ndani kizunguke. Njia hiyo ni afadhali kuliko kuziba, lakini ni ya muda, ya kulifikisha gari nyumbani au gereji.

Kazi kamili ni kubwa zaidi. Raki inashushwa na kufunguliwa. Ile pete ya ndani inayozuia oili ipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine inatolewa, ili raki isigande kwa kusukuma hewa na oili. Oili inasafishwa yote na kuwekwa grisi inayofaa. Matundu yanafungwa vizuri ili vumbi na maji visiingie.

Sehemu ngumu ni ile vali iliyopo pale usukani unapoungana na raki. Ndani yake kuna chuma chembamba kinachojipinda kidogo kila dereva anapogeuza, na kujipinda huko ndiko kunakofungua njia ya oili. Pawa ikiondolewa, kujipinda kule kunabaki. Dereva anausikia usukani ukilegea kidogo katikati kabla magurudumu hayajaitikia.

Mafundi wenye vifaa hukifunga chuma hicho kisijipinde, wengine kwa kuchomelea. Kazi hiyo si ya kujifunzia. Moto ukizidi, chuma hupoteza ugumu wake, na chuma hicho ndicho kinachounganisha mikono ya dereva na magurudumu. Kikikatika kwenye kona, ni hatari kubwa.

MWILI UNALIPA NINI?

Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa kuhusu usukani wa magari, inayofuatwa na nchi nyingi ikiwamo Japan na zile za Ulaya, imeweka kikomo. Kwa gari dogo la abiria lililo zima, dereva akikata kona kwa mwendo mdogo asilazimike kutumia nguvu inayozidi uzito wa kilo 15 hivi kwenye usukani. Pawa ikiharibika, kikomo ni kama kilo 30.

Kikomo hicho cha pili ni cha dharura, cha kumwezesha dereva kulisogeza gari pembeni na kulifikisha kwa fundi. Hakikuwekwa ili mtu aendeshe hivyo kila siku ya maisha yake.

Mzigo huo huanzia begani. Bega linashikiliwa na misuli midogo inayozunguka kiungo, na misuli hiyo huumia inapofanya kazi nzito mara nyingi mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Dalili ni maumivu ya kuinua mkono, kuchana nywele au kulalia upande mmoja usiku.

Kiganja nacho kina njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole. Kushika kitu kwa nguvu kwa muda mrefu, huku kikitetemeka, kunaweza kuubana mshipa huo. Mtu huanza kusikia ganzi na kuwashwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, zaidi usiku.

Wajawazito wako kwenye hatari zaidi ya tatizo hilo, kwa sababu mwili hujaa maji na njia ile ya kiganjani huzidi kubana. Aidha, tumbo linapokua mama hulazimika kusogeza kiti nyuma ili awe mbali na usukani, na akisogea nyuma mikono inanyooka na kupoteza nguvu. Akisogea mbele apate nguvu, tumbo na kifua vinakaribia mno begi la hewa. Umbali unaoshauriwa kati ya kifua na katikati ya usukani ni angalau sentimita 25.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa asiendeshe hadi aweze kugeuza usukani na kukanyaga breki ghafla bila maumivu, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Kwenye gari lisilo na pawa, muda huo unaweza kuwa mrefu zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri.

Mwenye shinikizo la damu naye asipuuze. Kukaza misuli kwa nguvu bila kusogea, hasa mtu anapobana pumzi, hupandisha shinikizo la damu kwa muda huo. Mzee anayehangaika kuegesha gari zito sokoni Manundu anafanya jambo hilo hilo bila kujua. Na mwenye baridi yabisi ya vidole anaweza kushindwa kabisa kuushika usukani vizuri.

Kijana mwenye afya njema anaweza asione lolote kati ya haya. Ndiyo maana ni rahisi kwake kusema gari halina shida.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue nyumba ya kufikirika pale Chanika, Handeni mjini. Baba ana miaka 34 na ana Altezza anayoipenda kuliko kitu kingine chenye magurudumu. Mama ni mwalimu, ana ujauzito wa miezi 7, naye huendesha gari hilo siku 3 kwa wiki. Babu wa watoto, mwenye miaka 68 na shinikizo la damu, huliazima mara moja moja kwenda shamba.

Pampu ya pawa inaanza kupiga kelele. Baba anaambiwa bei ya kutengeneza, anakuna kichwa, kisha anamwambia fundi atoe mkanda. Jioni anarudi nyumbani akiwa na furaha. Gari limekuwa jepesi kwenye lami ya Korogwe, analisikia vizuri zaidi kwenye kona.

Kesho yake mama anarudi kazini.

"Baba watoto, gari limekuwaje zito namna hii?"

"Nimetoa pawa, mama watoto. Utazoea tu."

Neno hilo, "utazoea", ndilo lenye tatizo. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, usukani ni mwepesi na tofauti ni ndogo. Uzito wote unajitokeza kwenye mwendo mdogo: kuingia barabara kuu, kukata kona ya shule, kugeuza gari nyumbani, kukwepa shimo.

Mama anapotoka njia ya pembeni kuingia barabara kubwa, anahitaji mikono miwili yote kugeuza. Hawezi kubadilisha gia wala kuwasha taa ya kuonyesha anakokwenda kwa wakati huo. Anageuza polepole kuliko alivyozoea, gari linachora duara kubwa, na pua ya gari inaingia upande wa pili wa barabara. Upande huo unaweza kuwa na bodaboda yenye mtu na mwanawe.

Hakuna aliyefanya uzembe barabarani hapo. Kosa lilifanyika siku moja kabla, gereji, pale uamuzi ulipofanywa na mtu mmoja kwa kupima mikono yake peke yake.

Familia hiyo ingeweza kufanya kipimo kidogo bila gharama. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, ufunguo umefungua usukani lakini injini imezimwa, kila mtu mzima anayeendesha ajaribu kugeuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Kipimo hicho ni kigumu kuliko hali halisi ya gari linalotembea, lakini kinaonyesha haraka nani ana akiba ya nguvu na nani hana. Mjamzito, mtu mwenye shinikizo la damu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji asijaribu. Kwa hao jibu linajulikana hata kabla ya kipimo.

WANAOAMUA KUBADILISHA WAFANYE NINI?

Yapo magari ambayo kubadilisha kwake kuna mantiki. Gari jepesi, lenye raki ya mkono iliyotengenezwa na kiwanda hicho hicho, linaloendeshwa na mtu mmoja mwenye afya njema na kwa ajili ya mashindano au mapumziko, linaweza kuwa salama na la kufurahisha.

Kwa gari la namna hiyo, jambo la kwanza ni kuchunguza vitu vilivyo karibu na raki kabla ya kuigusa. Tairodi zilizolegea, bolijointi zilizokwisha na mpira wa vumbi uliochanika hujificha kwenye gari lenye pawa. Pawa ikiondoka, kila ulegevu unahamia mikononi mwa dereva. Baada ya kazi, gari lipelekwe kwenye alaimenti.

Jambo la pili ni matairi. Tairi pana na tairi lenye upepo mdogo vyote huongeza uzito wa usukani. Mwenye kutoa pawa arudi kwenye ukubwa wa tairi uliowekwa na kiwanda na apime upepo mara kwa mara.

Jambo la tatu ni usukani wenyewe. Mtindo wa kufunga usukani mdogo wa spoti haupatani na gari lisilo na pawa. Ukitoa usukani wa upana wa sentimita 38 na kuweka wa sentimita 33, nguvu inayohitajika inaongezeka kwa asilimia 15 hivi, kabla hata hujagusa kitu kingine. Tena usukani wa asili ukiondoka, begi la hewa la dereva limeondoka nao.

Uendeshaji nao unabadilika. Usigeuze usukani gari likiwa limesimama kabisa. Liache litembee kidogo, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndipo ugeuze. Mikono ikae pande mbili za usukani, mmoja kushoto na mwingine kulia, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Ukikaa vizuri, mgongo ukiwa umegusa kiti, kifundo cha mkono kinapaswa kufika juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Na usibane pumzi unapogeuza.

Kwenye barabara ya vumbi, kama ile ya kwenda Msomera au ya kupanda Bungu, vidole gumba visizungushwe ndani ya usukani. Viache vilale juu ya duara. Oili ya pawa hupunguza mapigo yanayotoka kwenye mawe na mashimo. Ikiwa haipo, gurudumu likigonga jiwe usukani unaweza kujizungusha ghafla na kuvunja au kutegua kidole gumba.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Kabla ya kazi kuanza, mwenye gari, na ikiwezekana mwenza wake, wamuulize fundi maswali machache na wasubiri majibu yaliyonyooka.

Je, pawa ya gari hili ni ya oili au ya umeme? Kama ni ya umeme, mjadala uhamie kwenye kutengeneza.

Je, kiwanda kilitengeneza raki ya mkono kwa ajili ya gari hili? Kama ipo, inapatikana?

Mkanda wa pampu unazungusha nini kingine, na utawekwa mkanda gani badala yake?

Raki itafunguliwa na kutolewa oili, au utakatwa mkanda tu?

Chuma kinachojipinda ndani ya vali kitafanywaje, na nani atakayekichomelea?

Vifaa vinavyotolewa vitarudishwa kwa mwenye gari?

Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa. Anayejibu kwa kusema "hiyo kazi ndogo, bosi, nusu saa tu" ameshaeleza kuwa anakwenda kukata mkanda.

Lipo pia suala la sheria na bima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linaloingia barabarani liwe katika hali salama, na askari wa usalama barabarani hulitazama hilo wakati wa ukaguzi. Mwenye bima kubwa aieleze kampuni yake kwa maandishi kuhusu mabadiliko hayo, kwani kulificha jambo la msingi kuhusu gari kunaweza kuleta ubishi siku ya kudai fidia.

TENGENEZA KINACHOVUJA

Kwa familia nyingi, jibu linaweza kuwa rahisi kuliko linavyoonekana. Pawa nyingi hufa kwa sababu ya kuvuja, na kuvuja huanza kidogo. Mpira wa oili uliochoka, kibano kilicholegea au sili ya pampu iliyokauka hutengenezwa kabla pampu yenyewe haijaungua kwa kuzunguka bila oili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili za mapema zinajulikana: doa la oili chini ya gari asubuhi upande wa mbele, sauti ya kulia unapogeuza usukani hadi mwisho, usukani unaokuwa mzito injini ikiwa kwenye sailensi, na oili iliyopungua kwenye kikopo chake. Kuvuja huko hakupaswi kuachwa hata kwa anayependa usukani mgumu, kwa sababu oili inayodondokea kwenye bomba la moshi lenye joto kali inaweza kuwasha moto.

Angalia kikopo cha oili mara moja kila wiki, na usiongeze oili ya aina yoyote tu. Kila gari lina aina yake, imeandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Unapogeuza usukani hadi mwisho, usiushikilie hapo kwa zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa pampu hupata joto kali.

Na kama pawa imekufa kabisa na fedha haipo, gari lisilo na pawa liendeshwe na mwenye nguvu za kuliendesha peke yake, kwa mwendo wa taratibu, hadi litakapotengenezwa. Wengine nyumbani waambiwe siku hiyo hiyo, kabla hawajachukua ufunguo. Mjamzito apande bodaboda anayoifahamu au bajaji, au apelekwe na mwingine, na babu asubiri safari ya shamba.

Mwenye gari anayeondoa pawa kwa hiari yake avihifadhi vifaa vyote alivyotoa: pampu, mipira, mabano na raki ya zamani kama ameibadilisha. Afya ya watu wa nyumbani hubadilika. Atakuja mtoto, litakuja bega linalouma, na mwenye nguvu wa leo atazeeka. Siku hiyo gari linaweza kurudishwa lilivyokuwa, mradi spea zake hazikuuzwa kwa bei ya chuma chakavu.